Kabla ya Amina

Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Liliane aliugusa kwa ncha ya kidole, akautoa mkono haraka, kisha akaugusa tena kwa sababu hakuyaamini macho yake. Juzi ulikuwa umejaa na kudunda kama utosi wa mtoto yeyote. Sasa palikuwa na kishimo laini, na ngozi ilizama humo kila Dusabe alipovuta pumzi.

Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. Alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, ameharisha mpaka kanga zote za nepi zikaanikwa kwenye uzio zingali na unyevu. Asubuhi hii alilala tu mapajani, midomo imepauka, macho nusu wazi, akiuelekea mlango bila kuuona.

Mama mkwe wake aliingia kutoka kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyuma ya nyumba, mikono imejaa utomvu. Jina lake lilikuwa Kokushubira, lakini kijiji kizima kilimwita Ma Koku. Liliane alimwamkia shikamoo, naye akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza hali ya mtoto. Alinawa, akachuchumaa, akamfungua Dusabe kinywa na kuipapasa fizi ya juu kwa kidole gumba. Fizi ilikuwa imevimba, na mahali panapoota chonge palikuwa na doa jeupe.

"Ni ebiino," alisema.

Liliane alijua angesema hivyo. Huku Nyakakika hakuna mzazi asiyeyajua ebiino, yale ambayo kwingine huitwa meno ya plastiki. Husemwa kwamba ni meno mabaya yanayojificha ndani ya fizi za mtoto mchanga, laini na meupe, yakileta homa na kuharisha, na yasipong'olewa mapema yanaua. Husemwa pia kwamba mtoto mwenye ebiino akichomwa sindano kabla hayajang'olewa, jua halitui akiwa hai.

Kupitia mlango wa nyuma alikiona kilima kidogo cha udongo katikati ya migomba, kimezungukwa na mawe. Ainembabazi, binti yake wa kwanza, alilala pale. Alizikwa kibanjani kama watu wote wa ukoo, na kila Liliane alipokwenda kukata ndizi alilazimika kupita kando yake. Mtoto yule naye alikuwa na homa, akaharisha, akang'olewa ebiino. Baadaye, alipozidiwa, walimkimbiza hospitali. Alichomwa sindano, na kabla hawajamaliza kumfunika alikuwa amekwenda.

Tangu hapo jambo lilizungumzwa namna moja nyumbani: sindano ilimuua. Liliane aliinamisha kichwa kila liliposemwa. Lakini alikumbuka kitu ambacho hakumwambia mtu, hata Jovitus mumewe. Alikumbuka kwamba baada ya kung'olewa, Ainembabazi hakuweza kunyonya tena. Kila akilishika titi alilia na kuliachia, na juu ya chuchu ya mama palibaki damu ya mtoto. Sasa hakujua kipi kilimuua. Aliogopa mkono wa mng'oaji na aliogopa sindano, na katikati ya hofu hizo mbili palikuwa na mtoto anayekauka.

Alijaribu kumpigia Jovitus, aliyekuwa kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa. Hakupatikana. Alimtuma mtoto wa jirani kwa mwinjilisti. Jibu likarudi kwamba mwinjilisti amekwenda Bweranyange kuzika. Hakubaki mtu wa kumuuliza.

Ndipo akaomba. Aliomba bila kutikisa midomo, akimbadilisha Dusabe nguo. Alimwomba Mungu ampe ishara moja tu, hata ndogo. Amfanye Ma Koku abadili mawazo. Amfanye Jovitus apige simu. Amfanye mtoto alie. Alingoja, na hakuna kilichotokea isipokuwa kuku mmoja kuingia ndani na kufukuzwa na mama mkwe.

"Mfunge tumpeleke kwa Ma Mackrine ayang'oe," alisema Ma Koku. "Huyu tusimcheleweshe kama tulivyomchelewesha dada yake."

Liliane alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida, kwamba labda wangeanza kituo cha afya kule Nyaishozi, wapime kwanza.

Ma Koku hakuwa mwanamke mkatili. Alikuwa amemlilia Ainembabazi mpaka akaugua. Lakini alikuwa amelea watoto saba, wote waling'olewa, na wote walikuwa hai. Jovitus mwenyewe chonge yake ya kushoto iliota kiupande kwa ajili hiyo, na familia ilimtania kwa jino hilo. Kwake ushahidi ulikuwa huo.

"Wampime nini? Homa si unaiona? Baba yako alikuja huku kulima vibanja vya watu, tukakupokea. Hatujakufukuza, hatujakutukana. Mtoto ni wa ukoo huu, Liliane. Usituzikishe tena."

Liliane alizaliwa hapahapa Karagwe. Baba yake, mzee Manirakiza, ndiye aliyetoka Burundi. Liliane alimfunga Dusabe kifuani kwa kitenge, si mgongoni, ili asikie pumzi zake. Akamfuata mama mkwe wake.

Njia ilipita ndani ya migomba mitupu, kibanja hiki kikiingia katika kingine, na majani yalizuia anga. Kulikuwa na kiza cha mawingu. Ma Koku alitangulia, hatua zake fupi na za haraka, akisalimiana na watu bila kusimama. Kila aliyewaona aliuliza wanakwenda wapi, na kila aliyeambiwa alisema afadhali. Mama mmoja aliyekuwa akichambua maharage aliwaambia Ma Mackrine ana mkono mwepesi, hata mtoto hashtuki. Afadhali, afadhali. Liliane aliona kama migomba yenyewe ilikuwa imepangwa kumsukuma mbele.

Nyumba ya Ma Mackrine ilikuwa safi. Ua ulikuwa umefagiliwa, ukutani palitundikwa msalaba wa mbao na kalenda ya kanisa. Mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mwenye kicheko cha karibu, na Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Aliwakaribisha kama wageni wa harusi. Alimpokea Dusabe, akampapasa fizi, akaguna.

"Yamekomaa haya. Mngekuja juzi." Kisha akamgeukia Liliane na kumshika bega. "Usiogope, mwanangu. Ni kitu cha kufumba na kufumbua."

Alitandika kanga safi juu ya mkeka. Juu yake aliweka kibakuli cha chumvi, majani yaliyopondwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa mpaka ikawa nyembamba upande mmoja. Aliipitisha spoku kwenye makaa, akaifuta. Liliane aliitazama ikipoa. Ilikuwa ileile iliyomng'oa Ainembabazi. Aliikumbuka ilivyopinda kidogo karibu na ncha.

Ma Koku alikuwa ameshampakata Dusabe, amembana mikono kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, akiwa amefumba macho tayari. Naye alikuwa anaogopa. Kidevu chake kilikuwa kinacheza.

"Tuombe," alisema Ma Mackrine.

Kila aliyewahi kupeleka mtoto pale alijua utaratibu wake. Ma Mackrine hakugusa kinywa cha mtoto bila sala, na sala hiyo haikufungwa na yeye. Mzazi ndiye aliyeitikia Amina, kwa sauti, na baada ya hapo tu ndipo spoku iliponyanyuliwa. Alifanya hivyo tangu zamani, baada ya mama mmoja kumtangazia kijijini kwamba alimng'oa mwanawe kwa nguvu. Yeye hakuwa mtu wa nguvu, alisema. Yeye alitumwa na Mungu, na aliyemzaa mtoto lazima amruhusu mbele ya Mungu huyo.

Sala ilikuwa ndefu na nzuri. Alimshukuru Mungu kwa uhai, akamtaja Jovitus huko machimboni, akaombea mikono yake isikosee. Liliane alifumba macho, na ndani ya giza la macho yake alimwona Ainembabazi akiliachia titi. Alijaribu kuyafuata maneno ya sala. Yalimponyoka. Alichosikia ni pumzi za Dusabe, fupi, kavu.

"...na kwa kazi hii tunayoifanya mikononi mwako, mama yake aseme..."

Ma Mackrine akangoja.

Liliane alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale. Amelisema tangu hajaota meno, amelisema kanisani, mezani, kaburini. Lingetoka lenyewe, kama pumzi. Akakumbuka darasa la kipaimara, yule mwalimu mkali aliyewakataza watoto kuitikia Amina kwa mazoea. Aliwaambia Amina ni kuweka mkono wako juu ya jambo na kumwambia Mungu, nakubali, na liwe. Usiitikie sala ambayo moyo wako umeikataa, aliwaambia, maana huyo unayemwambia anaujua moyo.

Na moyo wake ulikuwa umekataa. Ulikataa tangu asubuhi. Alikuwa akingoja ishara itoke nje, kumbe tangu asubuhi kulikuwa na kitu kimoja kilichosimama ndani yake bila kutikisika, na alikiona ni woga tu. Hofu haikupungua hata kidogo. Ila kwa mara ya kwanza alijua anachokiogopa zaidi: aliogopa kumdanganya Mungu kuliko alivyomwogopa Ma Koku.

Akafunga kinywa.

"Amina," alisema Ma Koku, akamtikisa mkwewe kwa goti. "Sema, mwanangu. Mtoto anachoka."

Ma Mackrine alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye spoku, lakini haukuinyanyua. "Wewe siyo uliyemzaa, Ma Koku. Mwache."

"Mimi ndiye bibi yake."

"Najua. Lakini mimi siingizi mkono kinywani mwa mtoto ambaye mama yake hajaitikia."

Wote wawili wakamtazama. Nje mbuzi alilia. Liliane alisikia sauti yake ikitoka, nyembamba, ngeni.

"Nimeshindwa kuitikia," alisema. "Nisameheni. Nimeshindwa."

Akanyoosha mikono kumchukua mtoto. Ma Koku hakumwachia mara moja. Walishikana hapo, mtoto katikati, wanawake wawili waliokuwa na kaburi moja, mpaka Ma Mackrine akaweka kanga juu ya kibakuli na vifaa vyake, akasema kwa upole kwamba leo haitawezekana.

Ma Koku aliachia. Alimfuata Liliane mpaka uani, na pale akasema jambo ambalo Liliane alikuja kulisikia njia nzima.

"Nenda kwa hao wa sindano. Ila akifa, usinirudishie maiti mlangoni. Sitafungua."

Barabarani, chini ya kibanda cha bati, Elick wa bodaboda alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Alikuwa rafiki wa Jovitus tangu shule. Aliamka, akamwona Liliane peke yake na mtoto, akatazama njia ya migomba aliyotokea.

"Shemeji, umemtoroka Ma Koku? Leo huyo mama atakula mtu mbichi, mimi nitajificha Rwanda."

Alipoona mtoto alivyo, akaacha utani. Alimpandisha Liliane, akawasha. Barabara ya Nyaishozi ilikuwa imelowa, udongo mwekundu unateleza, na mvua ilikuwa inashuka kutoka milima ya upande wa Kyerwa. Liliane alimkumbatia Dusabe ndani ya kitenge na kumwinamia. Alimwomba Mungu. Sasa hakuomba ishara. Alisema tu, tuko hapa, tuko hapa, kwa sababu hakuwa na maneno mengine.

Walipokuwa wakiteremka aligundua kwamba haisikii tena pumzi ya mtoto.

Alijikaza asiseme. Ni mtikisiko wa pikipiki, alijiambia. Ni upepo. Alibana shavu lake kwenye kichwa cha mtoto, na hakusikia kitu ila injini. Maneno ya Ma Koku yakamrudia: sitafungua. Aliona mlango uliofungwa. Aliona mawe mengine kando ya yale mawe.

"Simama," alisema. "Elick, simama."

Elick alisimama katikati ya mteremko, akazima pikipiki, akavua kofia. Liliane aliogopa kufungua kitenge. Ndege hawakusikika, mvua ilikuwa imekaribia. Alifungua. Uso wa Dusabe ulikuwa wa kijivu na macho yamefumbwa. Alimsogezea shavu puani, akangoja.

Akangoja.

Kitu kidogo, chenye joto, kilimgusa ngozi. Kisha tena.

Elick alikuwa ameondoa uso, anatazama mabondeni. "Tunaendelea?" aliuliza. Liliane aliitikia kwa kichwa, akasahau kwamba hamwoni, ikabidi aseme.

Kituoni muuguzi aliyewapokea aliitwa Evaresta, mwanamke mfupi kutoka Muleba aliyeongea haraka na kutembea haraka zaidi. Alimtazama mtoto mara moja tu, akapita naye mbele ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi. Alibana ngozi ya tumbo la Dusabe. Ilibaki imesimama kama kitambaa. Alitoboa kidole, akapima malaria. Alimwuliza Liliane maswali huku mikono yake ikifanya mambo mengine. Alipofika kwenye fizi aliinua macho.

"Mmemng'oa?"

"Hapana."

"Hapa ndipo meno yake ya kweli yanajitayarisha. Ningekuta kidonda, nisingejua nianzie wapi." Akapumua. "Ana malaria, na maji yamekwisha mwilini. Nitamtundikia dripu. Mishipa ya mikono imelala, itabidi kichwani. Na nitamchoma sindano."

Liliane aliona kiwembe kikinyoa kipande cha nywele juu ya sikio la mwanawe, nywele laini ambazo hazijawahi kunyolewa. Aliiona sindano. Alikuwa na nafasi ya kumnyakua bado; mlango ulikuwa wazi. Kama wale wa kijijini walikuwa wakweli, alikuwa anamuua mwanawe kwa mkono wake. Evaresta alisita, akamtazama.

"Mama, nimshike mwenyewe au utamshika?"

Liliane aliinama, akakishika kichwa cha Dusabe kati ya viganja vyake. "Nitamshika," alisema. Na kwa kuwa aliona haifai kunyamaza, akaongeza polepole, "Amina."

Evaresta hakujua lile neno lilikuwa jibu la nini. Alichoma. Dusabe alikunja uso, akafungua kinywa, na sauti haikutoka.

Baadaye ilikuwa kungoja. Mvua ilipiga paa la bati. Matone ya dripu yalishuka moja moja, na Liliane alikaa kando ya kitanda akiyatazama, na kila yalipoonekana kusita alishtuka. Evaresta alipita, akagusa utosi, akasema bado. Akapita tena, akasema bado. Hakusema ya kutia moyo wala ya kukatisha tamaa. Elick alileta chai na andazi, vikapoa.

Jua lilikuwa linateremkia migomba, mvua imekatika, wakati Liliane aliposikia kwamba mlangoni kuna mtu. Ma Koku alikuwa amesimama nje ya kizingiti, miguu imejaa tope mpaka magotini, mkononi kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Alikuwa ametembea. Aliutazama mpira unaoingia kichwani mwa mjukuu wake, na hakuingia.

"Amechomwa?" aliuliza.

"Amechomwa, mama. Tangu mchana."

Ma Koku alilitazama jua dirishani. Liliane aliona jinsi alivyolipima, akaelewa kwamba wote wawili walikuwa wakilitazama jua lilelile kwa ajili ya jambo lilelile.

"Mimi naiogopa ile sindano," alisema Ma Koku. Alikuwa hajawahi kusema kwamba anaogopa kitu. "Tangu yule mwingine. Nikifumba macho namwona. Nilidhani nikimshika huyu kwa nguvu..."

"Na mimi naogopa, mama. Hata sasa."

Mama mkwe aliingia. Aliweka kikapu chini. Ndani kulikuwa na ndizi na maharage, bado vya uvuguvugu, na blanketi la Dusabe. Alikaa upande wa pili wa kitanda. Hakuomba radhi, na Liliane hakungoja aombe. Walikaa wakitazama matone.

"Tumwombee," alisema Liliane.

Haikuwa kawaida mkamwana kuongoza sala mbele ya mama mkwe. Ma Koku alisita, kisha akainamisha kichwa. Liliane hakujua kuomba vizuri kama Ma Mackrine. Alimwambia Mungu kwamba wanaogopa. Kwamba hawajui jua likitua itakuwaje. Kwamba mtoto ni wake kabla hajawa wao, na Ainembabazi pia yuko kwake. Alimwomba asiwaache, hata kama. Kisha akanyamaza, akaiacha sala wazi, wala hakuifunga yeye.

Jua lilitua kwenye migomba na chumba kikawa na rangi ya majivu. Liliane hakuinua kichwa. Alijua mtu hawezi kusukumwa kuitikia.

Kitandani kitu kilitikisika. Dusabe alikuwa anageuza uso, kinywa kinatafuta. Liliane alimwinamia, akampa titi bila kuugusa mpira, akiwa ameshikilia pumzi. Mtoto alilikosa, akalitafuta, akalishika. Alivuta mara moja, dhaifu, akapumzika. Akavuta tena. Kisha kwa fizi zake zilizovimba, pale palipokuwa na doa jeupe, aliuma.

Liliane aliguna kwa maumivu. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Evaresta aliingia na taa, akagusa utosi. Alikaa na kidole pale muda mrefu kuliko mwanzo. "Usiku huu tutaendelea kumwangalia," alisema. "Lakini anyonye. Mwache anyonye."

Upande wa pili wa kitanda, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, Ma Koku alisema, "Amina."